Mnanaa wa Mferejini

Mama mkwe wangu alipoletwa kwetu Mbinga kutibiwa macho, kitu cha kwanza kilichomchekesha ni karatasi niliyoibandika ukutani, juu ya banda la sungura. Kuisoma hakuweza, maana macho ndiyo yaliyomleta, kwa hiyo binti yangu wa miaka minane akamsomea kwa sauti ile ya darasani, neno kwa neno. Mnanaa, majani matano, Jumatatu na Jumamosi. Giligilani, vijiti viwili, Jumatano. Mrehani kidogo tu, Ijumaa. Nyasi kavu kila siku, tele. Majani ya nyanya, ya viazi na ya parachichi, kamwe. Osha, kung'uta maji, halafu ndipo utoe.

"Kwetu ziwani hata mgonjwa hapangiwi hivi," akasema mama mkwe. "Huyu sungura ana cheo gani?"

Binti yangu akacheka. Mimi sikucheka. Mume wangu ni Mnyasa, mtumishi wa serikali, na tulipooana alikuja kuishi kwetu milimani, kwenye nyumba iliyo juu kidogo ya kahawa aliyoniachia marehemu baba yangu. Mama yake hakulimeza jambo hilo. Kwake ilikuwa kana kwamba mwanaye ndiye aliyeolewa. Tangu hapo hakuwahi kuniita mkwe wala mwanangu, aliniita Mwalimu. Ni kweli nafundisha shule ya msingi, ila jinsi alivyolitamka neno hilo ungedhani ni jina la ugonjwa.

Naye hakujua karatasi ile ilitoka wapi. Mwaka uliotangulia nilinunua sungura wawili pale Kitai, kando ya barabara, nikiwa na nia ya kitoweo. Kabla kisu hakijanolewa binti yangu akawa ameshawazoesha kula mkononi mwake, na habari ya kitoweo ikaishia hapo. Basi nikaamua, kama ni wa kufugwa, nitawalisha vizuri. Siku moja niling'oa giligilani bustanini, ikiwa imelowa mvua, nikaishindilia kwenye mfuko ikalala humo. Asubuhi katikati ya mfuko palikuwa pa moto kabisa. Nikawamwagia yote. Mmoja alivimba tumbo na kabla ya saa sita alikuwa amekufa. Mtoto hakusema nami siku tatu.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuuliza. Nilimfuata bwana mifugo hadi akaanza kunikwepa sokoni. Nikajifunza kuwa majani yenye harufu ni kiburudisho, siyo chakula, na kwamba tumbo la sungura linaendeshwa na nyasi. Nikajifunza kuanza na jani moja la aina moja, kungoja hadi kesho yake, kuangalia kinyesi. Vidonge vikiwa vikavu unaendelea, vikilainika unaacha. Nikanunua sungura mwingine, dume la kijivu, akae na yule jike mweupe aliyebaki, kisha nikaandika karatasi yangu. Nilijivunia karatasi hiyo kuliko cheti changu cha ualimu, nasema bila aibu. Nyumbani kwangu hakuna aliyeruhusiwa kutia hata unyasi bandani bila kuitazama.

Mama mkwe alikaa wiki mbili akitiwa matone machoni, na zote mbili alikuwa akitafuta kazi. Ni mwanamke ambaye maisha yake yote amebeba, ameanika, ametwanga. Kumwambia akae tu ni kumtukana, na mimi nilimwambia hivyo kila asubuhi. Nilidhani ni heshima? Hapana. Nilitaka jiko langu libaki jiko langu. Jumatano moja nilirudi shuleni nikakuta amepanga upya vyombo vyangu vyote, sufuria juu, chungu chini, mwiko sijui wapi. Nilikuwa nimechoka, nimesahihisha madaftari sabini. Nikasema, tena kwa sauti, "Mama, tafadhali, usiguse kitu. Pumzika tu!"

Akanitazama kwa macho yake yenye ukungu. "Sawa, Mwalimu."

Kuanzia hapo tukawa watu wa salamu tu. Asubuhi shikamoo, marahaba, basi.

Kesho yake, Alhamisi, nilipiga dawa kahawa. Ulikuwa mwezi wa pili, mvua zilikuwa zimepumzika siku mbili na wadudu walikuwa wameshambulia. Nilibeba bomba mgongoni mwenyewe, nikafunga kitambaa puani, nikashuka mstari kwa mstari hadi chini kwenye mfereji. Ni dawa kali hiyo. Chupa yake ina alama ya fuvu, na maandishi yanasema usichume chochote shambani humo majuma mawili. Nilipomaliza nikafanya kama tunavyofanya sisi sote huku. Unachana ganda kavu la mgomba, unaunganisha kamba, unaifunga kutoka mti wa kwanza wa kahawa hadi wa pili ili ikatize njia, na katikati unapiga fundo moja kubwa. Hapo kila mtu anajua. Mtoto wetu wa Kimatengo akiikuta kamba ile anageuza hata kama mpira wake umeingia ndani.

Nilirudi nyumbani, nikaoga, nikapita sebuleni. Mama mkwe alikuwa amekaa na rozari yake. Nakumbuka nilisita. Nilifikiri kumwambia, Mama, shamba lina dawa. Lakini tangu jana yake tulikuwa hatuzungumzi, na kuanza mimi kungekuwa kama kuomba radhi. Nikajiambia, ameshaambiwa asiguse kitu, shambani ataenda kufanya nini. Nikapita.

Jumamosi mume wangu alikuwa Songea kikazi. Binti yangu aliamkia mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, nami nikaenda shuleni kwenye kikao kilichotakiwa kuchukua nusu saa na kikachukua saa tatu. Nilirudi kama saa tano. Kawaida yangu nikifika napitia bandani kwanza, kabla hata ya kuweka mkoba.

Dume la kijivu lilikuwa limelala ubavu. Sungura mzima halali ubavu namna ile mchana kweupe huku mtu anakaribia. Kidevu kilikuwa kimelowa, manyoya ya kifuani yamelowa, mate yanatoka kama uzi usiokatika. Masikio yalikuwa yakicheza yenyewe, na mguu wa nyuma ulikuwa ukipiga ubao, unaacha, unapiga. Yule jike mweupe alikuwa kwenye kona, amejikunyata, macho wazi, na mbele yake vijiti vya mnanaa vimebaki vitupu.

Jumamosi ni siku ya mnanaa, kweli. Lakini tuta langu la mnanaa nilikuwa nimelimaliza kwenye chai. Nilipoinua macho nikaona fungu juu ya paa la banda, mnanaa mbichi, majani mapana, ya kijani kibichi hasa. Ulikuwa umefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba, na kwenye kamba kulikuwa na fundo moja kubwa.

Fundo nililijua. Nililipiga kwa mikono yangu.

Nilivimba kwa hasira, hilo sitalificha. Hata jina la Mungu sikulitaja, nililitaja jina la mama mkwe wangu, bila Mama mbele yake. Nilikuwa nimefungua mlango wa banda, nimeshika lile dume, mate yake yananichuruzikia mkononi, ndipo harufu ikanifikia kutoka jiko la nje. Mnavu. Mnavu unaoungwa na usipa, wale dagaa wa ziwani aliokuja nao kwenye kikapu. Na mimi sikuwa na mnavu ndani ya nyumba. Mnavu ulikuwa umeota sehemu moja tu wakati ule, umenona kwenye kivuli, chini ya kahawa.

Sijui nilimweka wapi sungura. Nakumbuka kuwa jiko lilikuwa mbali, nalo liko hatua ishirini.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, amesharudi, sahani ya ugali mapajani. Mama mkwe ameinama na upawa, mboga inashuka kwenye sahani. Niliipiga sahani kwa kiganja ikagonga ukuta. Kisha nikaikamata sufuria kwa mikono mitupu, nikatoka nayo, nikaimwaga jalalani. Vidole viliungua na sikusikia mpaka baadaye.

Nilirudi nikamshika mtoto mashavu, nikamfungua mdomo kama unavyomfungua mbuzi. "Umekula? Sema! Umekula?"

"Bado," akasema, akianza kulia. "Bibi alisema tusali kwanza."

Nilinusa kinywa chake. Nilimsukutua kinywa kwa maji mara tatu. Maji yakawa yanamwagikia gauni lake la mafundisho.

"Mama, na wewe umekula?"

Mama mkwe alikuwa bado amesimama na upawa mkononi, mboga inadondoka sakafuni. "Nile nini," akasema polepole, "na chakula umekimwaga?"

Nililichukua hilo kuwa jibu.

"Umechuma wapi, Mama?"

"Jana mjukuu wangu aliniambia mnanaa wa nyumbani umeisha, ila upo mwingine kule chini mferejini. Nikasema leo siku yake, niwachumie. Nikaukuta, mzuri. Nikaona na mnavu. Nikasema niwapikie na nyie, ukirudi ukute chakula." Akaweka upawa chini taratibu. "Karatasi yako inasema mnanaa, Mwalimu. Haisemi wa wapi."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema, Mama, ni kosa langu, nilipiga dawa juzi na sikukuambia. Maneno machache tu hayo. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ungeniulia mtoto!"

Aliingia ndani, na nikasikia anavuta begi lake kutoka chini ya kitanda.

Sikumfuata. Mtoto alikuwa amekimbilia bandani na nilimsikia akipiga kelele. Dume la kijivu lilifia mapajani mwake, juu ya kanga, likipiga mguu hadi mwisho. Ilikuwa mara ya pili anaona hivyo, na mara zote mbili majani yalitoka mikononi mwa watu wanaompenda. Nilitoa mnanaa wote bandani, kila jani, nikamfuta yule jike mdomo kwa kitambaa kibichi, nikamwekea nyasi kavu na maji. Alikuwa hadondoshi mate. Alikuwa amewahi kula majani machache tu, pengine, kwa sababu dume ndilo lililokuwa linatangulia daima. Nilimwambia mtoto amwangalie na asimpe kitu kingine chochote.

Nilipokuwa nanawa mikono kwenye ndoo, nikasikia mtu anatema. Kimya kidogo. Anatema tena. Dirisha la chumba cha mama mkwe lilikuwa wazi.

Nilikwenda mlangoni. Alikuwa amekaa kitandani na begi, nguo zimo, anajaribu kufunga zipu. Vidole vilikuwa vinaikosa. Anashika, inamponyoka, anashika. Siku hiyo ilikuwa na ukungu na baridi, hata mimi nilikuwa na sweta, lakini juu ya mdomo wake jasho lilikuwa limejaa. Alijifuta kinywa kwa pindo la kanga, na pindo lilikuwa limelowa lote.

"Mama, umeonja ile mboga?"

"Niache, nitafute gari la Mbamba Bay."

"Mama, nakuuliza. Umeonja?"

"Mimi siyo sungura wako."

Nilipiga magoti mbele yake nikamtazama machoni. Mboni zilikuwa ndogo, nukta tu. Aligeuza uso akasema ni macho yake yale yale, ni matone ya asubuhi. Lakini nilikuwa nimeshaona, na nilikuwa nimeshajua, kwa sababu hakuna mwanamke apikaye asionje. Unachota mchuzi kwa mwiko, unadondoshea kiganjani, unalamba. Nimefanya hivyo maisha yangu yote.

Nilielewa pia kwa nini anakataa. Akikubali kwamba amekula sumu, amekubali kwamba nusura amlishe mjukuu wake. Angeona afadhali afie ndani ya gari kuliko kunipa mimi neno hilo. Na ufunguo wa kumtoa pale kitandani nilikuwa nao mimi. Nilikuwa naujua, uko mdomoni kabisa, na sikuutoa. Nilimwambia tu, "Mama, twende hospitali, tafadhali," nikamvuta mkono, akauchomoa. Alikuwa bado na nguvu. Nikaona misuli ya shavu lake inacheza yenyewe, kama ile ya masikio ya sungura, nikaanza kulia kwa hofu na hasira pamoja.

Binti yangu ndiye aliyetuokoa. Alikuja akasimama mlangoni, kanga yake ina mate ya sungura aliyekufa.

"Bibi, ulionja," akasema. "Nilikuona ukilamba kiganja. Mara mbili."

Mama mkwe aliiachia zipu. Kunidanganya mimi aliweza.

"Chumvi ilikuwa kidogo," akamwambia.

Jirani yetu ana bajaji, na kwa bahati ilikuwa imesimama uani kwake. Nilichukua chupa ya dawa, nikaifunga kwenye mfuko, mtoto nikamwacha kwa mke wa jirani. Njiani mama mkwe alikuwa ameegemea bega langu kwa sababu hakuna pengine pa kuegemea. Kwenye kila shimo alisema "Yesu," na mate yake yaliloweka sweta langu hadi ndani. Nilimwambia dereva aongeze mwendo, akaongeza, nikamwambia apunguze, akapunguza. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Kila moja ilikuja na mlio wa maji kifuani, na kati ya moja na nyingine mimi mwenyewe nilikuwa sipumui.

Hospitalini daktari aliishika chupa, akaisoma, akabadilika uso. Wakamlaza, wakampiga sindano, wakamwekea dripu. Nesi, mama mmoja wa huku huku kwetu, alikuwa anamfuta mate na kuuliza huku anaandika.

"Mboga alichuma nani?"

"Mimi," akasema mama mkwe. Sauti ilikuwa imelewa kidogo.

"Na hukuona dalili yoyote kwamba pamepigwa dawa?"

"Sikuona. Palikuwa na kamba tu njiani. Nikaona kamba nzuri hii, imetupwa, nikafungia majani yangu."

Nesi akaacha kuandika. Akacheka, siyo kwa ubaya, ndiyo kicheko cha mtu aliyeogopa na sasa anaona mgonjwa anaongea. "Bibi we! Kamba ile ndiyo katazo lenyewe! Huku hata mtoto mdogo anajua."

"Mimi siyo wa huku," akasema mama mkwe.

Kisha akageuza kichwa kwenye mto akanitafuta. Macho yake hayakuwa yanaona vizuri, lakini yalijua niko upande gani. Alikuwa akingoja. Nesi naye alinitazama, kalamu juu ya karatasi. Mimi nikainama chini ya kitanda, nikajifanya natafuta kifuniko cha chupa. Kifuniko nilikuwa nacho mfukoni. Nilikaa kule chini nikitazama magurudumu ya kitanda hadi niliposikia kalamu inaendelea.

Wakampiga sindano ya pili, na baada ya muda ya tatu. Saa nane alikuwa anahangaika, anavua shuka, anataka kwenda kwake. Saa tisa akatulia, na mimi nikaogopa utulivu kuliko mahangaiko, nikawa naweka mkono juu ya kifua chake kila dakika. Saa kumi kinywa kikakauka. Akalalamika kiu. Daktari akasema hiyo ndiyo habari tuliyokuwa tunaitaka, dawa imefanya kazi, na kwamba viganja viwili vya mchuzi ni kidogo, shukuru. Nilitoka nje ya wodi nikakaa kwenye ngazi nikalia hadi mlinzi akaniuliza kama tumefiwa.

Mume wangu alinipigia kutoka Songea. Nilimwambia, "Mama alichuma mboga kwenye shamba lenye dawa bila kujua. Ameonja kidogo. Yuko salama." Kila neno katika maneno hayo ni la kweli. Nimeyapitia mara nyingi tangu siku hiyo, na hakuna la uongo hata moja.

Mama mkwe aliruhusiwa kesho yake, akakaa wiki moja zaidi kumalizia matone yake. Hakusema lolote. Alikula nilichopika, alijibu salamu, alimsaidia mtoto kumzika yule dume nyuma ya ngoro za maharage, yale mashimo tunayolimia huku milimani, pale udongo ulipo laini. Jike mweupe alipona. Alikataa kula siku nzima, nikamkalia mbele na unyasi mmoja mmoja, na usiku ulipoingia akatafuna wa kwanza. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu nilihitaji kitu kimoja kipone bila kunitazama.

Karatasi niliichana nikaandika nyingine. Safari hii niliandika na wapi: mnanaa wa tuta la nyumbani peke yake, siyo wa kando ya kahawa, siyo wa kando ya barabara. Nikaandika kwamba kila anayelala nyumba hii, awe wa siku moja, aambiwe kwa mdomo shamba likipigwa dawa. Niliwafundisha hivyo hata wanafunzi wangu. Nilisimama mbele ya jumuiya yetu siku ya sala nikawaambia majirani kuwa kamba haitoshi, mgeni haijui, jamani tuseme. Waliniitikia kwa vichwa, wakanisifu. Nilisimulia habari yote vizuri sana. Aliyesahau kusema, katika simulizi yangu, alikuwa "mtu wa nyumbani".

Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, tulishuka ziwani. Nilitafuta sababu ya kubaki, nikakosa. Tulifika mchana, jua kali, mtoto akavua viatu kabla hajaulizwa. Mama mkwe alikuwa anaona vizuri sasa. Alitutambua tukiwa bado mbali, akatuita. Nilimpa shikamoo nikiwa nimepiga goti, akaitikia marahaba, akachukua mzigo wangu.

Chakula kililiwa nje, kwenye mkeka, ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma, na bakuli la majani ambayo sikuyajua. Mume wangu alikuwa na furaha ya mtu aliyerudi kwao. Alimega, akachovya, akalinyooshea kidole lile bakuli akamcheka mama yake.

"Mama, haya umechuma wapi? Usije ukatumaliza. Maana wewe ukiona kijani tu unachuma."

Mtoto akacheka pia. Mama mkwe hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anamtolea mjukuu wake miiba ya samaki, mmoja mmoja, anaipanga ukingoni mwa sahani. Nikaelewa kwamba amekuwa akitaniwa hivyo miezi yote hiyo, na mwanaye, na pengine na ndugu wote, na kila mara amenyamaza.

Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Nikalirudisha kwenye sahani.

"Dawa nilipiga mimi," nikasema. "Siku mbili kabla. Nilimkuta Mama amekaa sebuleni nikampita, sikumwambia, kwa sababu tulikuwa tumenuniana. Kamba ile hakuna aliyewahi kumweleza ni ya nini. Na hospitali waliponiangalia niseme, sikusema."

Mume wangu aliacha kutafuna. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake, na sikujua usoni mwake kuna nini, sikutaka kujua kwanza. Mtoto naye alikuwa ananitazama. Huyo ndiye niliyemwogopa zaidi.

Mama mkwe alitoa mwiba mwingine, akauweka pamoja na wenzake, akausogeza mnofu upande wa mjukuu wake.

"Nilikuwa nangoja nione itachukua miezi mingapi," akasema.

Ilikuwa imechukua minne.